Nani aseme huyu anafaa kugombea urais?

Hili la Luhaga Mpina bado linanikera, na sio kwa sababu nilitaka kumpa kura, ni ule utaratibu wenyewe. Agosti 2025 chama cha ACT-Wazalendo wanampitisha kugombea urais wa Tanzania, Msajili wa vyama anatengua uteuzi, Tume ya Uchaguzi inamzuia kurudisha fomu, chama kinakimbilia Mahakama Kuu Dodoma, Septemba mahakama inasema fomu zipokelewe, anarudisha, siku chache tu Tume inamuengua tena kwa pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Yaani mteule wa Rais anaweka pingamizi, Tume ambayo mwenyekiti wake kateuliwa na Rais inalisikiliza, na Rais mwenyewe alikuwa mgombea kwenye uchaguzi huohuo. Hata kama hoja ya kisheria ilikuwa sahihi, nani ataamini jamani?

Sifa zenyewe zipo ibara ya 39 ya Katiba, raia wa kuzaliwa, miaka 40, awe mwanachama na apendekezwe na chama (hili la chama mimi silikubali, Mahakama ya Afrika ilishatuambia tangu 2013 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba mgombea binafsi aruhusiwe, mpaka leo bado). Sasa ukibishana na Tume unakutana na ibara ya 74(12), hakuna mahakama kuchunguza ilichofanya Tume, na ukisubiri matokeo 41(7) inakwambia Rais akishatangazwa kashinda basi, hakuna mahakama kuhoji. Unaenda wapi?

Wenzetu Kenya, uchaguzi wa marudio Oktoba 2017, tume yao ilitaka wawe Uhuru na Raila tu, Ekuru Aukot, mgombea mwingine, akaenda Mahakama Kuu, ikaamuru naye awekwe, akawekwa. Kura alipata kiduchu lakini waliomkataa ni wapiga kura.

Wapo wanaosema tuwaachie wananchi kila kitu. Hapana, nani anafaa kutuongoza hilo ni letu, ila umri na uraia ni sheria na sheria ina majaji. Tume ibaki kuhesabu wadhamini, 200 kila mkoa kwenye mikoa isiyopungua 10, imalize. Pingamizi lolote la sifa liende kwa majaji watatu, lisikilizwe hadharani, hukumu itoke ndani ya wiki mbili na rufaa iwe moja, yote kabla karatasi za kura hazijachapwa. Na Mwanasheria Mkuu akiwa na pingamizi aje alete ushahidi na ahojiwe kama mlalamikaji mwingine yeyote.