Jumatatu jela, Alhamisi Rais: hii posti imenichosha

Adhana ya alfajiri haijaisha vizuri, simu inatetemeka chini ya mto. Grupu la familia. Mama mdogo katupia picha ya jamaa kavaa suti na ile kofia nyeupe ndefu ya Wakirgizi, juu yake maandishi ya njano: JUMATATU ALIKUWA JELA, ALHAMISI YA WIKI ILIYOFUATA NI RAIS, USIKATE TAMAA. Chini yake Amina, Amina, Amina, shemeji mmoja kamwaga na vile vimoto. Jina la jamaa halipo, nchi haipo, mwaka haupo. Yani mtu mzima na mambo yake yote kageuzwa kadi ya Idi.

Sasa huyo jamaa mi namjua. Sio kwamba nimewahi kukaa nae, ila Oktoba 2020, wakati huku Tanzania kila kipaza sauti kimeazimwa kwa kampeni, nilikuwa nafanya shifti za usiku na mchana usingizi umenigomea, nikawa nafatilia Bishkek, mji mkuu wa Kirgizistan kule Asia ya Kati, kama wengine wanavyofatilia tamthilia za Kituruki. Anaitwa Sadyr Japarov. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba posti haijadanganya, siku ziko sawa kabisa, ila mtu anaweza kukupa siku zote sawa na bado akakupiga changa la macho.

Ilikuwa hivi. Jumapili tarehe 4 Kirgizistan wakapiga kura za bunge, vyama 16 vimeshindana, vilivyovuka kizingiti cha asilimia 7 ni vinne tu, na vilivyobeba viti vingi ni vile vya upande wa wakubwa. Jumatatu watu wakajaa uwanja wa Ala-Too katikati ya Bishkek, mabomu ya machozi, usiku wakaingia lile jengo jeupe la serikali, mtu mmoja akafa na mamia wakaumia. Usiku huohuo wafuasi wa Japarov wakaenda gerezani wakamtoa. Jumanne wabunge kadhaa wakajikusanya hotelini, Dostuk, maana jengo lao limeshavamiwa, wakakaa pale kama kamati ya harusi wakamchagua Japarov awe waziri mkuu, watu wakaja wakavamia na hoteli nayo. Tarehe 10 wakachagua tena, ikawa kelele kwamba akidi haikutimia, kuna waliopiga kura kwa niaba ya wenzao ambao hata hawakuwepo. Rais Sooronbay Jeenbekov akagoma. Tarehe 14 wakarudia, safari hii akakubali, kesho yake akajiuzulu mwenyewe akisema hataki kukumbukwa kama rais aliyemwaga damu ya raia wake. Spika ndo alikuwa anarithi kiti kwa muda, spika akasema mi simo. Basi Japarov akabaki na vyote, waziri mkuu na kaimu rais, mtu ambaye wiki mbili nyuma alikuwa anahesabiwa asubuhi na jioni na askari magereza.

Stori tamu, nani anakataa? Hata mi ile asubuhi nilishindwa kunywa chai.

Ila kwanza huyu sio mnyonge aliyeokotwa. Alikuwa mbunge toka 2005, akawa mtu wa Kurmanbek Bakiyev, yule rais aliyekimbia nchi 2010. Jela yenyewe alifikaje? Dhahabu. Kule kwao Issyk-Kul kuna mgodi unaitwa Kumtor, uko juu milimani karibu mita 4,000, ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Kanada. Mwaka 1998 lori lililobeba sayanaidi kwenda mgodini lilitumbukia mto Barskoon, na watu wa kule hawajasahau mpaka leo. Japarov akalishika hilo. Oktoba 2012 yeye na wabunge wenzie wawili, Kamchybek Tashiev na Talant Mamytov, waliongoza mandamano ya Kumtor mpaka pale kwenye jengo jeupe wakapanda uzio. Wabunge, na suti zao, wanaparamia vyuma. Wakafungwa, miezi michache baadae wakatoka. 2013 kwenye vurugu zingine za Kumtor mkuu wa mkoa akatekwa akamwagiwa petroli, Japarov akasema hahusiki, akaenda uhamishoni, 2017 aliporudi akadakwa na kupigwa miaka zaidi ya kumi. Akiwa ndani akafiwa na mwanae wa kiume kwenye ajali ya pikipiki. Hapo mi siwezi kumcheka mtu. Hukumu ile wengi waliona ina mkono wa siasa na mi naona hivyohivyo.

Na wafuasi wake, hii ndo nilitaka mama mdogo aijue, walijengwa humuhumu kwenye magrupu ya WhatsApp na mitandao. Jamaa yuko selo, jina lake linazunguka kwenye simu za wachunga mbuzi na za vijana walioenda kubeba zege Urusi. Kwa hiyo na sisi tukiforwadi tunaendeleza kazi ileile bila hata kulipwa.

Tuje sasa kwenye jambo lenyewe.

Ukumbuke alipita mlango gani. Hakuingia kwa kura, aliingia kupitia kiti cha waziri mkuu. Kirgizistan toka katiba ya 2010 walikuwa wamejaribu kitu ambacho majirani zao wote hawakukithubutu, wakagawa madaraka, rais muhula mmoja wa miaka sita basi, waziri mkuu anatoka bungeni na ana nguvu kweli. Kilifanya kazi vibaya, nakubali, mawaziri wakuu walikuwa wanabadilishwa kama betri za rimoti. Lakini mlango ulikuwepo, na ndo maana mtu aliyetoka selo Jumatatu aliweza kuupita. Sasa alipoukalia akafanya nini? Novemba akajiuzulu kwa muda kwa sababu sheria inakataza kaimu rais kugombea, akaachia kiti cha kaimu kwa nani? Kwa Talant Mamytov, yule wa kwenye uzio! Na Tashiev alishapewa idara ya usalama. Watatu waliopanda uzio 2012 wakawa ndo wenye nyumba. Januari 2021 akagombea akapata asilimia 79, waliojitokeza hawakufika hata asilimia 40 ya waliojiandikisha. Siku hiyohiyo kwenye karatasi nyingine watu wakaulizwa mnataka mfumo gani, wakajibu wa rais. Aprili katiba mpya. Bunge kutoka viti 120 mpaka 90. Rais sasa mihula miwili ya miaka mitano. Na waziri mkuu? Hakuna tena. Kuna mwenyekiti wa baraza la mawaziri, na rais ndo mkuu wa serikali. Desemba 2024 mwenyekiti mmojawapo, nae anaitwa Japarov, Akylbek, hawana undugu, akafukuzwa kazi bila hata kuonyeshwa kadi ya njano.

Kapanda ngazi, kafika juu, kaivuta ngazi. Sijaona posti yenye maandishi ya njano inayosema hayo.

Subiri, kuna la uwanja pia. Toka 2022 mahakama za Bishkek zimekuwa zikipiga marufuku mikutano katikati ya mji na kuongeza muda kila unapokaribia kuisha. Ala-Too hapana. Mbele ya bunge hapana. Pale penye uzio hapana. Ukitaka kuandamana nenda kwenye bustani ya Maxim Gorky, kapige kelele na njiwa. Mtu aliyetolewa jela na umati wa Ala-Too! Mwaka huohuo serikali ikakubaliana na Uzbekistan kuhusu mipaka, bwawa la Kempir-Abad likawa sehemu ya makubaliano, watu wakalalamika, wakakutana kujadili, na Oktoba polisi wakazoa zaidi ya 20 kwa siku moja hivi, yumo mpaka jaji wa zamani wa mahakama ya katiba, kosa lao eti kupanga vurugu. Hawakumwagia mtu petroli wale. Hawakupanda uzio. Walikaa vikao kuhusu maji ya nchi yao kama yeye alivyosimama kuhusu dhahabu ya nchi yake, wakakaa rumande na vifungo vya nyumbani mpaka Juni 2024 mahakama ilipowaachia kwamba hawana hatia. Na waandishi wa habari ndo usiseme, Kloop, tovuti ya habari, imeamriwa kufungwa, na Makhabat Tajibek kyzy wa Temirov Live, chaneli ya habari za uchunguzi YouTube, kahukumiwa miaka sita, Oktoba 2024. Oktoba tena. Huo mwezi kule una kesi ya kujibu.

Nilikuwa kwenye kikoba kimoja miaka ya nyuma, sikitaji. Mwenyekiti wa zamani alikuwa anakaa na hela zetu mpaka zinaota ukungu, dada mmoja akasimama kikaoni akafoka mpaka jasho, tukampigia makofi tukampa yeye uenyekiti palepale. Wiki ya pili katoa utaratibu mpya: malalamiko yote yaletwe kwa maandishi, nyumbani kwake, kabla ya saa kumi. Tulitazamana tu. Kila nikisoma habari za Bishkek namuona yule dada na kitenge chake, anachora mstari na rula kwenye daftari.

Haya, watetezi wake najua mnakuja. Kumtor kairudisha, ni kweli, 2021 serikali ikaingia mgodini, 2022 wakamalizana na Wakanada, wao wakaachia mgodi na Kirgizistan ikaachia hisa zake kwenye ile kampuni. Alisema, akafanya. Wanasiasa wangapi wanafanya walichofungiwa? Na mpaka na Tajikistan, uliokuwa unaua watu, Machi 2025 wakasaini wakamaliza. Nampa hayo, ingawa mkono mzito.

Na bendera. Jamani bendera! Desemba 2023 kabadilisha bendera ya taifa kwa sababu miale ya jua lake ilikuwa imepindapinda, likaonekana kama ua la alizeti, na kwa Wakirgizi alizeti ni tusi fulani hivi, mtu anayegeukageuka kufata upepo. Kwa hiyo miale ikanyooshwa ili na nchi inyooke. Watu walilalamika wee, na jua likanyooshwa vilevile. Mi sina neno, kila mtu na alizeti yake.

Kilichonikera kwenye posti sio Mungu, msije mkanielewa vibaya mkaniombea. Ni ile kuikata stori Alhamisi tarehe 15. Kila mfungwa anapendeza siku anayotoka, hata mi ningeshangilia, kwa nini tusihesabu na Ijumaa, na Jumamosi, na 2022, na wale wa bwawani ambao hawakuwa na umati wa kuja kuwafungulia geti? Mbona wao hawatengenezewi picha?

Basi nikamwandikia mama mdogo inbox, sio kwenye grupu, sitaki kesi. Shikamoo mama, yule wa kwenye picha ni huyu na huyu, akafanya hiki na kile. Ikawa ndefu kama hii, nikatuma hivyohivyo. Akakaa kimya mpaka jioni, najua alikuwa anasoma na miwani yake moja ya mkono uliovunjika.

"Marahaba mwanangu. Sasa nifute?"

Nikamwambia usifute mama, ongezea tu jina lake na nchi, mtu akitaka atafute mwenyewe.

"Njoo uandike wewe basi. Hilo jina la nchi nimejaribu mara tatu simu inaniletea kisamvu."