Sikuwa Nakaanga Betri

Naona kwenye grupu letu la Watanzania wa Birmingham habari imeshafika, na imefika na chumvi kuliko ilivyoondoka. Eti nilikuwa nakaanga betri, jengo likaungua, nikakimbia uchi. Jengo halikuungua. Betri sikuikaanga. Hilo la tatu tutalifikia, msiwe na haraka.

Mnaonifuata mnamjua Siafu, roboti wangu wa mapigano. Kwa wageni: daraja letu hapa Uingereza ni la gramu 150, roboti mzima aenee kwenye kisanduku cha inchi 4 kila upande, kisha mnatwangana dakika 3. Ndani ya gramu hizo kuna mota, magurudumu, silaha na bodi ya saketi, na betri inaombaomba nafasi. Kwa hiyo wale mnaoniuliza kila siku kwa nini nisifumue laptopu mbovu nikaunga seli zake mwenyewe, kaulizeni mizani: seli moja ya 18650, ile ya mviringo iliyomo kwenye laptopu nyingi za zamani, ina gramu kama 45, na volti zake ni 3.7 tu. Mimi naweka lipo, yaani betri bapa laini ya lithiamu-polima, ya seli tatu, ujazo wa mAh 300, volti 11.1, gramu kama 30. Naichaji kwa ampea 0.3, waya wa kusawazisha seli umechomekwa, kila seli iishie volti 4.2, na mimi nimekaa pembeni naitazama mpaka ijae. Hayo yote nayafanya. Naomba iandikwe.

Jumapili ile mpinzani alikuja na bapa linalozunguka. Likampitia Siafu tumboni, bamba la chini likapasuka, pembe ya betri ikabonyea. Lipo iliyobonyea hairudi kwenye chaja, wala hailali ndani. Inaweza kutulia kimya muda mrefu, halafu ikawaka yenyewe. Nikaifukia kwenye sufuria yenye mchanga, nikaiweka roshani, nikaenda kuoga. Mke wangu na mtoto walikuwa wametoka.

Lakini mama mkwe alikuwepo.

Mama amekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Kachungulia roshani, kaona sufuria nzuri kabisa imejaa mchanga. Anasema alijua ni michezo ya mtoto. Mchanga kaumwaga kwenye chungu cha maua, sufuria kaisugua, kabandika wali. Betri kaifuta kwa kitambaa, kaona imelowa, kaiweka juu ya hita ya ukutani ikauke. Kwa nia njema kabisa.

Mimi nina povu kichwani. Nasikia naitwa, taratibu: "Mwanangu, mbona hiki kidude chako kinavimba?"

Jamani.

Nilitoka na kanga ya mke wangu, ndiyo iliyokuwa inaning'inia mlangoni. Betri imeumuka kama andazi, na sebule nzima inanuka ile harufu tamutamu ya rangi ya kucha, ambayo aliyewahi kuisikia hasubiri maelezo. Kikaango kilikuwa karibu. Nikaisukumia humo kwa mwiko, na papo hapo seli ya kwanza ikaenda: fssss, moshi mweupe, kisha moto. "Mama, toka, moshi huo ni sumu!" Mama akatoka. Ila kwanza alizima jiko, wali usiungue.

Sasa twende polepole. Mkono wa kulia kikaango, nimekinyoosha mbali na uso. Mkono wa kushoto kanga, kiunoni. Mlango nikaufungua kwa kiwiko, moshi ukanitangulia kwenye korido, king'ora cha jengo zima kikaitika, milango ikafunguka huku na huku. Ngazi za ghorofa mbili, majirani wananipisha, mama yuko nyuma yangu anasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Kanga imeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, na maandishi yamekaa sawia kwenye makalio. Nilijifariji kwamba walio nyuma hawajui Kiswahili. Isipokuwa mmoja.

Mlango wa chini una kitufe cha kubonyeza, tena mzito, unataka kusukumwa. Mikono miwili, kazi tatu. Nikapandisha pindo la kanga, nikaling'ata. Nikabonyeza, nikasukuma kwa bega, nikatokea uani. Na uani, wadau, ndipo wakazi wa jengo wanapoambiwa wakusanyike king'ora kikilia. Waliopita ngazi za upande wa pili walikuwa wameshajipanga, wananitazama.

Lipo ya seli tatu haifi mara moja. Seli ya pili ikaripuka, nikapiga ukelele.

Huwezi kupiga ukelele umeuma meno.

Kanga niliiona ikishuka. Nilipata hata muda wa kufikiri: nikiachia kikaango niidake, moto unamwagika miguuni pa watu. Nikakishikilia kikaango. Upepo wa Februari ulinipita kila mahali. Bibi wa ghorofa ya chini akamgeuza mbwa wake upande wa pili. Mama, Mungu ampe umri, aliukabili ukuta, akavua mtandio wake na kunirushia bila kugeuka. Ukamwangukia jirani.

Kilichofuata ni kifupi. Kikaango kwenye saruji, seli ya tatu ikajimalizia, zimamoto wakaja, wakakagua, wakaondoka. Mke wangu akarudi. Mengine hayawahusu.

Na wewe uliyekuwa dirishani jengo la mbele, umeandika "uchi wa mnyama". Nilikuwa na povu. Rekebisha.

Mama tangu siku ile hanitazami usoni. Mambo yote yanapitia kwa mjukuu: "Mwambie baba yako chai tayari." Jana usiku mtoto kaja sebuleni na ujumbe mpya: "Baba, bibi anauliza, lile bapa lililompiga Siafu linauzwa wapi?"