Saa ishirini zisizo na kengele

Kila matokeo ya muhula wa kwanza yanapotoka katika vyuo vikuu vya Tanzania, hoja ileile hurudi: vijana wamepewa uhuru mapema mno, wamelewa bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) na starehe, na dawa ni kuwabana. Wapo wanaotaka mahudhurio yahesabiwe kila kipindi, wapo wanaotaka matokeo yatumwe kwa mzazi, na wapo wanaotamani mageti ya mabweni yafungwe mapema kama kidato cha sita. Hoja hiyo si ya kubezwa. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili kujazia ada ana haki ya kujua iwapo mwanawe huingia darasani, na anayedisko, yaani anayeondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza huondoka bila cheti lakini na deni la Bodi ya Mikopo, ambalo halifutiki kwa kuwa hakuhitimu.

Hata hivyo, wanaoitoa huuzungumzia uhuru kana kwamba ni nyongeza iliyowekwa pembeni ya masomo, ilhali kwa hesabu za vyuo vyenyewe uhuru huo umo ndani ya masomo. Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya miaka mitatu ina angalau krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka na 600 kwa muhula. Muhula ukiwa na wiki 15, ni saa 40 kwa wiki. Sasa ifungue ratiba ya mwaka wa kwanza katika kozi ya sanaa au sayansi ya jamii: mihadhara na semina, ukizijumlisha, mara nyingi hazizidi nusu ya saa hizo. Zilizobaki, ishirini hivi, hazikuandikwa popote, hazina chumba wala msimamizi, na hakuna aliyemweleza mwanafunzi kwamba zipo.

Mtazame basi siku ambayo mhadhara umekwisha saa tatu asubuhi na unaofuata ni saa tisa alasiri. Mwaka mmoja nyuma, katika shule ya bweni, muda huo ungekatwa kwa kengele kadhaa, na usiku angepelekwa prepu huku mwalimu wa zamu akipita kati ya madawati. Sasa hana kipindi, kwa hiyo anaamini hana kazi. Anarudi bwenini kupumzika kidogo, anashika simu, na saa sita zimekwenda. Huyu hajaasi chochote; ameisoma ratiba kama alivyofundishwa kuisoma, kwamba nafasi tupu ni mapumziko. Shule ilimzoeza kutii ratiba kwa miaka mingi bila kumpa hata siku moja ya kuipanga mwenyewe, halafu chuo kinamlaumu kwa kutoijua kazi hiyo.

Bumu nalo lina mkondo huohuo. Shilingi 10,000 kwa siku si fedha ya anasa, ila hutolewa kwa mkupuo wa takribani miezi miwili, kama shilingi 600,000, mikononi mwa mtu ambaye juzi tu hela yake ya matumizi ilikuwa ikitunzwa na matroni. Wiki mbili za mwanzo ni chipsi kuku na simu mpya. Wiki za mwisho ni pasi ndefu, yaani mlo mmoja kwa siku, na hapo ndipo majaribio mengi huangukia.

Kama uhuru ungekuwa ndio chanzo chenyewe, vitivo vya uhandisi na udaktari, ambako ratiba imejaa tangu asubuhi hadi jioni, visingejua sapu, mitihani ya marudio kwa waliofeli. Vinazijua sana. Na mahudhurio ya lazima, kwa yeyote aliyeketi nyuma ya ukumbi mkubwa, yanafahamika yanavyokwenda: karatasi inazungushwa, mmoja anasaini kwa niaba ya wanne waliolala, na kila upande unaridhika. (Wahadhiri wengi walisaini hivyohivyo enzi zao, nadhani.)

Kwa jambo moja wanaotaka kubana wako sahihi: wiki za mwanzo haziwezi kuachwa zijiendee. Mwanafunzi hawezi kujua kwamba saa zake ishirini zinapotea mpaka kitu kimwambie, na katika kozi nyingi cha kwanza kumwambia ni jaribio la katikati ya muhula, ambalo alama zake hubandikwa mtihani wa mwisho ukiwa mlangoni. Ningetetea kubanwa kwa chuo badala yake: jaribio fupi katika wiki ya tatu, lililosahihishwa na kurudishwa kabla ya wiki ya tano. Wahadhiri watajibu kwamba darasa la mamia halisahihishiki kwa kasi hiyo, na hawakosei. Lakini hapo tungekuwa tunajadili wakufunzi wasaidizi wangapi waajiriwe, na geti la bweni lingeweza kusubiri.