Lafudhi ya Kiingereza: hesabu au moyo?

Mzazi aliyehamia Dar es Salaam kutoka Moshi hahitaji kuambiwa: mtoto wake hazungumzi Kiswahili kwa lafudhi ya baba, anazungumza kama wenzake wa mtaani. Juu ya jambo kama hilo mwanaisimu Mwingereza Peter Trudgill alijenga hoja nzima mwaka 2004. Kwake, lafudhi ya New Zealand ni zao la hesabu. Watoto wa walowezi kutoka England, Scotland na Ireland walichanganyika, matamshi yenye wasemaji wengi yakabaki, mengine yakafa. Uzalendo haukuhusika.

Ushahidi anao. Kati ya 1946 na 1948 gari la shirika la utangazaji lilizunguka nchini humo likirekodi wazee, baadhi yao wazaliwa wa miaka ya 1850. Waliokulia mji mmoja unawasikia kila mtu na matamshi yake, mchanganyiko ukiwa bado haujatulia. Kisha kuna Arrowtown, mji wa machimbo ya dhahabu uliokusanya watu wa kila pembe. Huko lafudhi mpya ilichomoza mapema, wakati Milton, uliojaa Waskoti, ulichelewa.

Wanaompinga hushika kazi ya William Labov. Mwaka 1961 alikwenda Martha's Vineyard, kisiwa cha Marekani chenye wakazi kama 6,000 na wageni zaidi ya 40,000 kila kiangazi, akahoji wenyeji 69. Wavuvi wa Chilmark, mji wa kisiwani humo, waliochukizwa zaidi na wageni hao, walitamka right na house kwa irabu ya kubanwa, inayoanzia katikati ya kinywa badala ya "a" iliyo wazi. Vijana waliotaka kuhama kisiwani hawakuibana hivyo. Hapo hesabu haitoshi.

Lakini wavuvi wale walikuwa wakishikilia lafudhi iliyokwishakuwepo. Kuhusu kuzaliwa kwa lafudhi namkubali Trudgill. Watoto wa Arrowtown hawakuwa na taifa la kulitetea. Kinachonisumbua ni nani aliyehesabiwa. Mwaka 1840, Mkataba wa Waitangi ulipotiwa saini kati ya Uingereza na machifu wa Wamaori, wenyeji wa New Zealand, Wamaori waliwazidi Wazungu kwa mbali sana. Kiingereza cha walowezi kikachukua kwao majina ya ndege na miti, kama ndege kiwi, huku matamshi yakibaki karibu yote ya Uingereza. Atakayemtetea Trudgill atasema hesabu ni ya wasemaji wa Kiingereza tu. Sawa. Ila mwaka 1867 ilitungwa sheria iliyotaka watoto wa Kimaori wafundishwe kwa Kiingereza, na hakuna sheria iliyowataka watoto wa walowezi wajifunze Kimaori. Hiyo haikuwa hesabu, yalikuwa mamlaka.