Tunataka orodha, hata ikiwa ndefu

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anayekaa Kanada, aliandika wiki hii kwenye kundi letu la familia la WhatsApp kwamba amechoka kungoja. Mtoto wake wa mwisho ana usonji (autisme). Jina la mtoto liko kwenye orodha ya serikali, anasubiri kuanza mafunzo ya kusema na ya kujitegemea, na hakuna anayempigia mama yake simu. Jibu la kwanza kutoka kwetu Lubumbashi, Kongo, lilikuwa la baba mdogo: "Mama, ushukuru Mungu. Shiye huku hatuna ata liste", yaani sisi huku hatuna hata orodha. Baada ya hapo ikawa mikono ya maombi tu, mmoja baada ya mwingine.

Sikumjibu pale, maana ni mkubwa wangu na mbele ya familia nzima si mahali pa kushindana naye. Najibu hapa, kwa heshima yote. Alichosema ni kweli, na kimeniuma zaidi kwa sababu ni kweli. Lakini tangu lini kukosa kwetu kukawa dawa ya kumnyamazisha mwenzetu? Na kibaya kuliko hicho, tumezoea kulisema jambo hili kwa sauti ya kawaida, kana kwamba hakuna mtu aliyepaswa kuitengeneza hiyo orodha akaacha.

Kwanza niseme kwamba yaya ana haki ya kulia. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, lakini mtoto wa miaka mitatu anayefundishwa kuonyesha kwa kidole anachotaka, kuomba maji, kuvumilia kelele za watu, anapata njia ya kuishi na wenzake. Ukimfikia akiwa na miaka tisa bado utamsaidia, ila ile miaka ya kwanza imekwenda. Kwa hiyo anayengoja kwenye orodha hii anapoteza kitu ambacho hakirudishwi.

Sasa tazama yaliyotokea katika jimbo la Ontario, huko huko Kanada, maana habari zake ziko wazi kwa kila mtu. Mwaka 2019 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba watoto 23,000 wanangoja huduma za usonji, na kwamba itaimaliza foleni hiyo kwa kuwagawia wazazi pesa kwa umri: hadi dola 20,000 kwa mwaka kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, na dola 5,000 tu kwa aliyevuka hapo. Wazazi walikataa. Walijaa mbele ya bunge la jimbo wakiuliza kwa nini mtoto apimwe kwa tarehe ya kuzaliwa badala ya hali yake. Kabla mwaka haujaisha waziri alibadilishwa na bajeti ikapandishwa hadi dola milioni 600 kwa mwaka. Foleni haikuisha, tena iliongezeka, na kufikia 2024 walioandikishwa walikuwa wamepita 60,000. Uingereza nako watu zaidi ya 200,000 wanangoja kupimwa tu, wakati mwongozo wao wenyewe unasema uchunguzi uanze ndani ya miezi mitatu.

Ni aibu kwa nchi tajiri, silifichi hilo. Lakini wale wazazi wa Ontario walipata wapi nguvu ya kuitikisa serikali? Waliipata kwenye hesabu. Walikuwa na namba 23,000, na serikali yenyewe ndiyo iliyoitamka. Mwenye duka wa mtaani kwetu anaandika deni lako kwenye daftari, na siku ukimkwepa anafungua ukurasa, anakuonyesha jina na tarehe. Orodha ya watoto wanaongoja ndiyo daftari hilo, ila safari hii mdaiwa ni serikali. Sisi hatuna ukurasa wa kufungua.

Twende asubuhi ya kupima watoto kwenye kituo cha afya, hapa Katuba, komini mojawapo (sehemu) ya Lubumbashi. Mama anamvua mtoto nguo, anamtia kwenye mzani unaoning'inia, muuguzi anasoma kilo na kuweka nukta kwenye fishi, ile kadi ya ukuaji wa mtoto. Nilikuwa nimeketi karibu na mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka miwili hivi. Mtoto ameshika kifuniko cha chupa, anakizungusha mbele ya jicho, anakizungusha tena. Muuguzi akamwita kwa jina, akarudia, mtoto hakugeuza hata shingo. Mtu alipokokota benchi la chuma kwenye sementi, mtoto akaziba masikio akapiga kelele mpaka wote tukageuka. Mama yake akanieleza kwa sauti ndogo kabla sijamuuliza lolote: "Mutoto yangu anasikia muzuri. Njo kujibu tu hajibu", yaani ni kujibu tu ndiko hajibu. Kilo zilikuwa nzuri, nukta ikaingia mahali pake, chanjo imekamilika. Wakarudi nyumbani.

Muuguzi yule hakukosea. Alifanya kazi yote ambayo fishi ilimtaka afanye. Kwenye fishi ile sikuona mstari wa kuandika kwamba mtoto haitiki jina lake. Mama alikuja na swali lake mwenyewe, akalitamka, na hapakuwa na mahali pa kuliweka. Ndiyo maana nasema orodha haianzii hospitali kubwa wala Kinshasa. Inaanzia pale kwenye mzani, ambako akina mama wetu wanafika wenyewe na watoto mgongoni.

Wala hatuhitaji kungoja mashine kutoka Bulaya. Kuna maswali 20 yanayoitwa M-CHAT-R, ya ndiyo au hapana, kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Je, akiitwa anageuka? Je, anaonyesha kitu kwa kidole? Je, anacheza mchezo wa kuigiza, kama kujifanya anaongea kwa simu? Yapo kwa Kifaransa, hayalipiwi, na mama anayajibu kwa dakika chache. Hayamwambii mtu kwamba mtoto ana usonji. Yanaonyesha tu nani aangaliwe vizuri zaidi. Muuguzi anayeweza kuchora mstari wa kilo anaweza kuuliza maswali haya.

Najua nitakachojibiwa: utawaandika, halafu utawapeleka wapi? Sawa, wataalamu ni wachache, na fundi wa kumfundisha mtoto kusema utamtafuta mji mzima. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka 2019 madarasa yamejaa, na mwalimu aliyesongamana na watoto hawezi kumkalia mmoja. Nakubali. Lakini Lubumbashi si jangwa. Tuna chuo kikuu chenye kitivo cha utabibu na cha saikolojia, tuna kituo cha Joseph Guislain cha Mafurere wa Charité (watawa Wakatoliki) kinachotunza wagonjwa wa akili. Na Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya wazazi wenye watoto wa aina hii: vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani, vinavyoongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa, si lazima daktari. Tena, ni nani atakayesomesha fundi wa kusema kama hakuna karatasi inayoonyesha watoto wangapi wanamhitaji? Ukosefu wa huduma unatumika kama sababu ya kutohesabu, na kutohesabu kunakuwa sababu ya kutoweka huduma, na mtoto anakua katikati ya sababu hizo mbili.

Na wasituambie kwamba nchi hii haijui kuandika majina. Hesabu ya mwisho ya raia wote ilifanyika mwaka 1984, ndiyo, nami nilikuwa bado sijazaliwa. Lakini kwa uchaguzi wa 2023, CENI, tume ya uchaguzi, iliandikisha wapiga kura zaidi ya milioni 43, kila mmoja na picha yake na alama za vidole, hadi vijiji ambavyo gari halifiki. Mashine zilibebwa kwa mtumbwi na kichwani. Kwa hiyo uwezo upo pale jambo linapopewa uzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Chukua watu milioni mbili tu wa mji wetu, utapata zaidi ya 15,000. Haya ni makadirio ya dunia nzima tuliyoyaazima, kwa sababu ya kwetu hatuna.

Wakati hakuna anayehesabu, wengine wanawahesabu watoto hawa kwa namna yao. Mtoto asiyekutazama machoni, anayelia usiku, anayerudia neno moja siku nzima, anafikishwa chumba cha maombi, na huko anaambiwa ni mulozi, yaani mchawi. Anashindishwa njaa. Anachapwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi, na anayefanya hivyo anastahili kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Baba, mama, pasta: mtoto huyo hajamroga mtu. Anaumizwa na kelele, anashindwa kusema, basi. Nawaomba msimguse.

Tuna pia sheria ya Mei 3, 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, na Katiba inawatajia hatua maalumu za ulinzi katika kifungu cha 49. Karatasi hizo ni nzuri. Ila mbunge wa jimbo anapoketi kwenye kikao cha bajeti, kile kinachofunguliwa Septemba, hatasoma Katiba ili ajue aweke franka ngapi. Atauliza: ni watoto wangapi, wako komini gani?

Basi ninachotaka ni kidogo na kinawezekana kabla ya kikao kijacho. Jimbo la Haut-Katanga liongeze kwenye upimaji wa watoto yale maswali 20, na kila kituo cha afya kiwe na daftari moja: jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa, tarehe ya kuandikwa. Mzazi apewe kipande chake chenye namba, abaki nacho. Na sisi wenye watoto hawa, wa komini za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba hapa Lubumbashi, tusisubiri tangazo. Nenda siku ya kupima, mwambie muuguzi unachokiona nyumbani, na mwombe akiandike nyuma ya fishi kwa tarehe na sahihi yake.