Leseni ya baiskeli haitatuokoa, shida iko kwa barabara

Kila mtu wa baiskeli akigongwa huku kwetu magharibi mwa Kenya, iwe ni Ahero, Luanda ama Mumias, maneno yanayofuata huwa ni yaleyale. Ati hawa watu wasajiliwe, wapewe namba pleti kama nduthi (pikipiki), wafanye testi, walipe bima, na mwenye hana helmeti akamatwe. Nimeisikia steji ya Kondele pale Kisumu, nimeisikia matangani, na wanaoisema sio watu wabaya, wengi ni madereva wenye wamechoka kuendesha na roho mkononi.

Na wana sababu. Toka Kisumu jioni ukielekea Ahero. Hapa tuko karibu na ikweta kwa hivyo jua likishazama hakuna cha kusubiri, ikifika saa moja na nusu ni giza totoro, na mbele yako kuna mtu kwa baiskeli isiyo na taa, isiyo na riflekta, amevaa jaketi nyeusi na nyuma kwa keria amefunga gunia la mkaa, halafu trela inakuja imewasha taa full, macho yako yanakuwa kama yamefungwa. Unamwona akiwa mita chache tu. Ukimgonga, hata kama korti itasema hukuwa na makosa, utalala na hiyo sura maisha yako yote. Kuna wale pia wanapanda kinyume, unamkuta uso kwa uso kwa upande wako. Kuna mwenye amebeba mabati yametokeza huku na huku. Kuna vijana wanashikilia trela ya miwa ndio iwavute mlima, hiyo nimeiona na moyo ukaniruka. Na kuna hoja moja ambayo mimi naona ndio nzito kuliko zote, ya mama anayegongwa na baiskeli kwa soko la Kibuye, Kisumu, siku ya soko, anavunjika mguu, na mwenye baiskeli anapotelea kwa umati. Utamtafuta na nini? Hana namba, hana bima, hakuna anayemjua.

Hayo yote nayakubali. Lakini kutoka hapo hadi kusema kila baiskeli Kisumu, Vihiga, Kakamega na Bungoma iwe na leseni ni safari ndefu, na sidhani wengi wanaoipendekeza wameifikiria hadi mwisho.

Kwanza tujue ni nani tunaongea kumhusu. Huku mtu wa baiskeli mara nyingi sio mtu wa mazoezi mwenye baiskeli ya bei ya gari. Ni yule anatoka Nyalenda alfajiri kwenda mjengo juu nauli ya kwenda na kurudi itakula mshahara wa siku. Ni mwenye maziwa, mwenye mandazi, mzee anayepeleka mahindi poshomili, mtoto ambaye shule iko mbali na matatu haipiti hapo. Hata neno boda boda lilizaliwa huku, Busia na Malaba, miaka ya 60, watu wakivushwa na mizigo yao kwa baiskeli kutoka upande wa Kenya hadi Uganda. Pikipiki zilikuja baadaye, zikaingia kwa wingi serikali ilipoondoa ushuru kwa zile ndogo mwaka 2008 hivi, na wenye waliweza wakahamia huko. Aliyebaki na Black Mamba yake, ile baiskeli nzito nyeusi, leo, kwa kiasi kikubwa, ni yule ambaye hakuweza kununua pikipiki wala kuiwekea mafuta kila siku. Huyo ndiye tunataka kumwongezea karatasi.

Na sio kwamba hana sheria. Sheria ya Trafiki, ile Sura ya 403, inamgusa mtu wa baiskeli kama inavyomgusa mwenye lori, kuna mambo ya taa, ya breki, ya namna ya kuendesha. Shida yetu haijawahi kuwa uchache wa sheria. Angalia pikipiki. Mwaka 2015 zilitungwa kanuni nzuri kabisa za pikipiki: abiria mmoja, helmeti mbili, jaketi mbili za kung'aa, leseni. Sasa simama dakika tano tu Mamboleo uhesabu nduthi zenye watu watatu, wanne, na mtoto ameketi kwa tangi. Kanuni zipo na kila mtu anazijua. Kilichotokea ni kwamba zimekuwa kitu cha kuongelea na karao (polisi) asubuhi, unatoa kitu unapita, na usalama unabaki palepale. Sasa tuchukue mpango huohuo tumpelekee mtu ambaye siku nzima anapata mia tatu?

Hebu tufuatilie hii kidogo maana ndio inanisumbua zaidi. Mwenye maziwa anakamatwa saa kumi na mbili asubuhi, leseni yake imeexpaya. Hana pesa ya faini. Baiskeli inapelekwa stesheni inalazwa kwa zile mabaki za magari. Maziwa ya siku hiyo yanaganda. Kesho yake wateja wa hoteli wanatafuta mtu mwingine, na hoteli haitakungoja wiki nzima. Anakopa kwa chama akomboe baiskeli, akiipata tairi moja haina upepo na kengele imeibwa, na ile pesa alikuwa ameweka ya karo imeenda. Hapo hatujaokoa maisha ya mtu yeyote barabarani, tumemtoa mtu mmoja kwa biashara. Na kijana aliyemgonga mama Kibuye akatoroka, unafikiri huyo ndiye angeenda kujisajili?

Wazee wanakumbuka kwamba baiskeli zilishawahi kuwa na leseni huku, unalipa kaunseli unapewa alama ya kubandika. Waulize wanachokumbuka kuhusu hiyo leseni. Watakwambia walivyokuwa wakikimbia kwa mahindi askari wa kaunseli wakionekana. Sijasikia hata mmoja akisema ilipunguza ajali.

Nchi zingine zimejaribu pia. Mji wa Toronto kule Kanada ulikuwa na leseni za baiskeli kuanzia 1935 na ukaziondoa 1957. Uswisi, watu wanaopenda utaratibu kuliko sisi sote, walikuwa na stika ya bima ya kila mwaka kwa kila baiskeli, ikaisha mwaka 2012. Kaunti ya King, ile ya mji wa Seattle huko Marekani, ilifuta sheria yake ya helmeti kwa baiskeli mwaka 2022 baada ya kuonekana kwamba wanaoandikiwa faini ni watu weusi na wasio na makao kupita kiasi. Niseme ukweli, Japani imeenda upande mwingine, kuanzia Aprili 2026 mtu wa baiskeli wa miaka 16 kwenda juu anaweza kuandikiwa tiketi ya faini kama dereva. Hiyo ni hoja halali kwa wanaotaka sheria kali. Lakini ile tiketi unaenda kuilipa benki ama posta, na hiyo tofauti kwangu ni kubwa kuliko sheria yenyewe. Siku faini zetu za barabarani zitakuwa hazipitii kwa kiganja cha mtu, nitakuwa tayari kuongea upya.

Sasa tuje kwa kitu ambacho naona hakisemwi kabisa. Hatari inatoka wapi? Chukua mtu na baiskeli yake na mzigo kidogo, jumla kilo 100, anaenda kilomita 15 kwa saa. Chukua matatu ya watu 14 ikiwa imejaa, tani tatu hivi, inaenda 80. Ile nguvu ya kugonga inapanda na uzito, na inapanda na mwendo mara mwendo, ndio maana spidi ni mbaya kuliko uzito. Ukipiga hesabu, matatu imebeba nguvu karibu mara 850 ya ile ya baiskeli. Mia nane na hamsini! Na hapo sijaweka trela za Malaba ambazo sheria inaruhusu hadi tani 56. Halafu tunaketi chini tukitafuta usalama, na yule tunaanza kumwandikia masharti ni huyu wa moja, yule wa 850 tunamwambia pole kaka kwa usumbufu. Mtu wa baiskeli akikosea, mara nyingi anayekufa ni yeye. Dereva akikosea, bado anayekufa ni mtu wa baiskeli. Mimi hii hesabu nimeigeuza kila upande na sioni venye inaweza kutupeleka kwa leseni ya baiskeli.

NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ilihesabu vifo 4,324 barabarani mwaka 2023, na 4,748 mwaka 2024. Kila mwaka wanaoongoza ni watembea kwa miguu, wakifuatwa na watu wa pikipiki, wa baiskeli ni sehemu ndogo ya hao wote. Na sijasikia mtu hata mmoja akisema watembea kwa miguu wapewe leseni, ingawa wao pia huvuka vibaya na huvaa nguo nyeusi usiku. Tunajua kwamba mtu anatembea kwa sababu lazima afike. Huyu wa baiskeli pia lazima afike.

Kuna ile ya kusema ati baiskeli hazilipii barabara. Dereva analipa shilingi 25 kwa kila lita kwa mfuko wa barabara, tangu Julai 2024 ilipotoka 18, na mwenye baiskeli halipi kitu. Ni kweli halipi hiyo. Lakini pia baiskeli haijawahi kuchimba shimo kwa lami, hizo ni kazi za ekseli za malori, na mwenye baiskeli analipa kodi kwa sabuni na kwa kredo ya simu kama kila mtu. Hoja hiyo naiacha hapo.

Kitu kinachoua watu wetu wa baiskeli unakiona ukishuka kwa gari. Toka Kisumu kuelekea Kakamega uangalie ukingo wa lami. Kuna mahali lami inaisha ghafla na chini kuna shimo la kushuka, sehemu zingine ukingo umeliwa na mvua, na pale ulipobaki mzima kuna kibanda cha nyanya, matatu imesimama inaita watu, probox imepaki. Mwenye baiskeli atapita wapi? Anaingia kwa lami. Akiingia kwa lami anapigiwa honi, na akirudi pembeni anaanguka. Hata wale wa kupanda kinyume, wengi wanasema wanafanya hivyo ndio waone kinachokuja, kwa sababu nyuma hawana kioo na hawaamini kinachotoka huko. Ni makosa, ni hatari, kwenye makutano ndio mbaya zaidi kwa sababu dereva anayeingia anaangalia upande mmoja tu. Lakini mtu anayefanya hivyo ameogopa, sio kwamba amedharau sheria.

Na tunajua kufanya vizuri tukitaka. Kabla ya ule mkutano wa Africities wa Mei 2022 pale katikati ya Kisumu palifanyiwa kazi, njia za miguu zikawekwa, na mtu anaweza kupita mjini bila kuruka mtaro. Kwa nini iishie hapo? Kutoka mjini kwenda Ahero ni tambarare tupu ya Kano, hakuna mahali pazuri pa baiskeli kama pale kwa hii nchi, na njia ya pembeni pale ingebeba wanafunzi na wafanyakazi maelfu. Huko Nakuru nako barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa. Huu ndio wakati wa watu wa Gilgil na Salgaa kuuliza kwa sauti njia ya baiskeli iko wapi kwenye hiyo michoro, lami ikishamwagwa hakuna atakayekusikiliza.

Kama ni sheria lazima tuongeze, mimi ningeanza kwa duka. Baiskeli isiuzwe bila riflekta nyekundu nyuma, nyeupe mbele, na taa ya kuchaji. Kwa zile ziko barabarani tayari, kaunti inunue riflekta iwape mafundi wa baiskeli wapige bure, fundi wa pale sokoni anakutana na baiskeli nyingi kwa mwezi kuliko karao yeyote. Siku ya soko Kibuye baiskeli isukumwe kwa mkono ndani ya soko, askari wa kaunti wasimamie hilo tu. Na ile spidi ya 50 kwenye senta, ambayo iko kwa sheria tangu zamani, ifuatwe Luanda, Chavakali, Awasi, kila mahali lami inakatiza katikati ya maduka. Kama matuta ndio yatafanya hivyo, yawekwe, yapakwe rangi ionekane usiku.

Mahali moja nakubaliana na wenye kutaka usajili ni kwa wale wanaobeba abiria kwa malipo, zile boda za baiskeli ambazo bado ziko Bungoma, Busia na Mumias. Ukichukua pesa ya mtu ukamweka nyuma, ni haki ajulikane ni nani alikubeba. Lakini hiyo ifanywe kwa steji, jaketi yenye namba na jina la steji, mwenyekiti awe na orodha, na mtu akigonga mtu akatoroka steji nzima iitwe. Hao wanajuana hadi nyumbani kwao, huhitaji mashine Nairobi kuwatafuta.

Helmeti, ukiwa nayo vaa, na mtoto mvishe, inasaidia kichwa na hakuna anayebisha. Ila nikiambiwa nichague kati ya kumkamata mtu wa maziwa kwa kukosa helmeti na kumkamata makanga na dereva wake waliompita kwa kasi wakiwa wamemkaribia hadi kioo kikagusa kiwiko chake, siwezi kufikiria mara mbili, na polisi wa pale Rabuor hawafai kufikiria mara mbili pia.