Mlango wa Gereji na Mtumishi Wake

Sisi wanaume wa Moshi tuliolelewa kwenye geti la bati lenye komeo na kufuli tulikuwa watu huru, na mimi sikuujua uhuru wangu mpaka shemeji yangu anayeishi Marekani aliposhusha kontena ambalo ndani yake, pamoja na friji na magodoro, mlikuwa na mlango wa gereji unaopanda juu kwa mota. Alisema ni zawadi kwa dada yake. Dada yake akakabidhiwa rimoti, nami nikakabidhiwa kitabu cha maelekezo na kopo la silikoni ya kupuliza.

Kitabu hicho kinataka mlango ukaguliwe kila mwezi. Katika ukoo wetu hata wazee hawakaguliwi kila mwezi. Mtu husubiri mpaka alalamike mwenyewe ndipo apelekwe hospitali. Mlango huu hausubiriwi kulalamika, bali mimi ndiye ninayetakiwa kusimama ndani ya gereji, nibonyeze rimoti, kisha nitege sikio unapopanda na unaposhuka. Ukisikika mlio wa kusaga, rola zimekauka au zimechakaa. Ukisikika mlio wa kugongagonga, nati zimelegezwa na mtikisiko wa kila siku, na hapo unachukua spana na kuzunguka ukikaza mabano yote yanayoshikilia reli ukutani, lakini huyagusi yale mawili yaliyo chini kabisa ya mlango wenyewe, yaliyofungwa kebo, kwa sababu hayo yanavutwa na nguvu yote ya springi na yakifyatuka yanaweza kumvunja mtu mkono. Mama watoto alinikuta nimefumba macho mbele ya mlango, akaniomba kwa upole kwamba nikimaliza kuusikiliza huo, nipite pia jikoni nikalisikilize bomba, maana linavuja tangu Pasaka.

Suala la mafuta limenigombanisha na mtaa mzima. Kwa mujibu wa maelekezo, rola, bawaba na springi hupuliziwa silikoni au hupakwa grisi nyepesi ya lithiamu kidogo sana, kisha ziada inafutwa. Reli zenyewe hazipakwi chochote, bali husafishwa kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa mafuta yaliyomo ndani ya reli hukamata vumbi. Jaribu sasa kumweleza jambo hilo mtu wa mji huu. Kwetu oili chafu ni dawa ya mchwa kwenye nguzo, dawa ya bawaba inayolia, dawa ya mnyororo wa baiskeli, na ninaamini wako wanaoificha kabatini kwa ajili ya kikohozi. Jirani yangu, mwenye geti la bati lililofungwa kwa waya ambalo halijawahi kumdai hata tone la mafuta, aliniita juu ya ukuta: "Mangi, acha kuhangaika, mimina oili chafu humo ndani yaishe." Mimi nilikataa, lakini kijana wetu wa shamba alikuwa amesikia, na nilipokuwa kazini akanisaidia kwa moyo wote. Ulikuwa mwezi wa Februari, na mnajua vumbi la Februari kabla mvua za masika hazijaanza. Haikuchukua wiki mbili reli zikawa na udongo wa kutosha kupandia mchicha, na mlango ukawa unakwama katikati, huku mimi nikiwa juu ya ngazi na kisu cha jikoni nikikwangua.

Hayo yote ni madogo ukilinganisha na springi. Juu ya mlango, kwenye mhimili, imekaa springi nene iliyosokotwa, na hiyo ndiyo inayobeba uzito, ingawa sifa zote wageni wanaipa mota. Mlango wa chuma wenye upana wa magari mawili unaweza kuzidi kilo 70. Springi ya kawaida hutengenezwa kwa makadirio ya kufungua na kufunga mara 10,000 hivi, ambayo kwa familia inayofungua mara 4 kwa siku ni karibu miaka 7. Hesabu hiyo ilipigwa kwa watu wanaofungua mlango ili gari lipite. Kwetu unafunguliwa ili kutoa fagio, kuingiza mkungu wa ndizi, kumfukuza kuku, kumwonyesha mgeni jinsi unavyofunguka, na kumwonyesha tena kwa sababu mara ya kwanza alikuwa akiangalia simu. Kwa mwendo wa mara 20 kwa siku, springi ya miaka 7 haitimizi hata mwaka mmoja na nusu.

Nayo haikutimiza. Ilikatika usiku kwa mlio uliomfanya jirani azime taa zote na mama mkwe aanze sala. Nilimpigia fundi, akasema yupo getini, ingawa nyuma yake nilimsikia kondakta akiita abiria wa Boma Ng'ombe. Alipofika alitazama juu, akasonya, akasema, "Mzee, hiki ni kitu kidogo sana, naichomelea." Nilimweleza kwamba springi haichomelewi, kwamba moto huua ule ugumu unaoifanya irudi inapokunjwa, na kwamba ikikazwa tena itakatika palepale ikiwa na kichwa cha mtu karibu. Alinitazama kwa huruma wanayotazamwa nayo watu waliosoma vitabu, akanidai nauli. Springi mpya ililetwa na mtu anayejua kuikaza kwa nondo zake maalumu, na bei yake naitunza moyoni.

Kuna pia macho ya usalama. Haya ni mawili, moja kila upande, hayazidi sentimita 15 kutoka sakafuni, nayo hutazamana kwa mwale usioonekana. Kitu kikikatiza mwale wakati mlango unashuka, mlango unageuka na kupanda. Sheria ya Marekani inazitaka mota za milango ya nyumbani zilizotengenezwa kuanzia Januari 1993 ziwe na kinga ya namna hiyo, kwa ajili ya watoto, na mimi siipingi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba walioitunga hawakufuga kuku wa kienyeji. Kuku wetu mwekundu amegundua kwamba akisimama mahali hapo, jumba zima la chuma linamtii. Mlango unashuka, yeye anapita. Mlango unapanda, yeye anageuka na kupita tena. Siku ambazo kuku hayupo, buibui amejenga utando mbele ya kioo na mlango unakataa kufunga kabisa, na mimi napiga magoti na kitambaa laini kuyafuta macho ya mlango wakati miwani yangu mwenyewe ina alama za vidole.

Kila mwezi unatakiwa pia kulaza ubao wa unene wa sentimita 4 hivi sakafuni, katikati ya uwazi, ili mlango ukiugusa urudi juu. Usiporudi, mota irekebishwe kabla haijambana mtu. Niliutafuta ubao wenye kipimo hicho, nikauandika "Usiguswe", nikauweka pembeni. Uliguswa. Nilikuta sehemu yake iliyobaki chini ya sufuria ya makande.

Umeme ukikatika, unavuta kamba nyekundu inayoning'inia ili mlango uachane na mota, kisha unaunyanyua kwa mkono. Kamba hiyo ivutwe mlango ukiwa chini, kwa sababu ukiwa juu na springi imechoka unaweza kuporomoka. Hapo ndipo unapopima pia mizani: unaunyanyua hadi nusu na kuuachia taratibu, na mlango usio na hitilafu hubaki hapohapo. Umeme wenyewe ukirudi bado si wake, kwa kuwa mota ya Kimarekani inataka volti 120 na sisi tunatumia 230, hivyo kuna transfoma inayonguruma ukutani usiku na mchana, na bili yake analipa mtumishi.

Mtu anaweza kusema taabu hii ina faida, kwamba angalau gari linalala pazuri. Gari linalala chini ya mparachichi. Ndani ya gereji wamelala mahindi ya mama mkwe, magunia yamepangwa mpaka karibu na reli, pamoja na jenereta bovu, viti vya harusi ya mtu ambaye sasa ana watoto watatu, na saruji iliyoganda. Panya wameyafuata mahindi, na njia waliyoichagua ni kuutafuna ule mpira wa chini unaozuia maji na vumbi, ambao nimeshaubadilisha, na nitaubadilisha tena. Nilimwambia mama mkwe kwa heshima zote kwamba magunia yangehamia stoo. Akaniambia, "Mkwe wangu, stoo haina mlango mzuri kama huu."

Desemba ndiyo mwezi wa hukumu, Wachaga wote wanaporudi nyumbani na uani kwangu panajaa magari kutoka Dar es Salaam. Kila mtoto anataka kubonyeza rimoti, na wakubwa wao wananing'inia kwenye mlango unapopanda ili wapande nao, wakati mimi nakimbia huku na huku nikipiga kelele kuhusu kebo na vidole vya watu kati ya mapande ya mlango. Shemeji naye alikuja safari hii. Alisimama mbele ya zawadi yake, akapitisha kidole kwenye bawaba, akakinusa, akaniuliza mbele ya wakwe zangu wote, "Shemeji, huu mlango huwa unaupaka mafuta kweli?" Kabla sijapata jibu linaloweza kusemwa mbele ya wakwe, alinishika bega na kunituliza kwamba amekwisha kuona tatizo liko wapi, kwamba mlango mmoja peke yake unachoka, na kwamba kwenye kontena linalokuja ameniwekea mota ya geti.